Mkono umevunjika, karatasi inasema "shambulio la kawaida"

Mama, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani, Tanga, katika moja ya zile barabara zenye namba. Asubuhi nauza mbaazi za nazi na mahamri barazani. Baba watoto ni dereva wa lori la masafa marefu. Akishika njia ya Lubumbashi, wiki tatu nne hatumwoni. Nyumba tunayokaa ni ya marehemu baba mkwe. Ndani tumo mimi na wanangu, mavyaa wangu, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Chumba cha mbele amepanga fundi cherehani. Kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Naipokea mimi kwa amri ya mavyaa mwenyewe, na ndiyo inayonunua dawa zake za sukari. Shemeji anataka kodi iingie mkononi mwake, kwa kuwa yeye ni mtoto wa kiume wa nyumba na mimi ni mtu wa kuja. Maneno yalianza kidogo kidogo, kisha yakakua.

Siku ya kwanza alikuwa ametoka shamba Pongwe na panga lake kiunoni. Mimi niko ukumbini nakuna nazi. Akasimama mlangoni, akashika mpini, akasema: "Kama si heshima ya kaka yangu, leo ningekukata." Akaenda zake kulala. Siku nne baadaye fundi akalipa kodi, shemeji akarudi na maneno yale yale, ila mara hii panga alilichomoa, akaliinua, akanijia hatua mbili tatu. Nilikimbilia chumbani kwa mavyaa. Hakunigusa.

Wiki iliyofuata alinipiga kibao. Shavu lilivimba, siku mbili sikukaa barazani kwa aibu. Nikanyamaza.

Kisha likaja la mwezi huu. Nilikuwa uani natwanga, akaja akaninyang'anya mchi akaushusha. Nilikinga kichwa kwa mkono wa kushoto, mchi ukatua kwenye kifundo. Akauinua tena. Mwanangu mkubwa, ana miaka 19, akatoka mbio akamsukuma baba yake mdogo. Akaangukia ngazi ya uani na mchi ukamtoka. Mama, sitaki kukuficha: alipokuwa chini, mwanangu alimpiga teke moja la mbavu. Majirani wakaingia, ikaishia hapo.

Nilikwenda polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha kituo, na PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, nikaenda hospitali. Picha ikaonyesha mfupa umevunjika sehemu mbili. Nimefungwa hogo la wiki sita. Vidole viwili vinakufa ganzi, daktari anasema ataviangalia hogo likitoka.

Niliporudi kituoni kuulizia, niliona pameandikwa "shambulio la kawaida". Nikaambiwa haya ni mambo ya kifamilia, tukayamalize nyumbani. Wazee wa ukoo nao wamekaa. Wameniletea shilingi 50,000 kutoka kwa shemeji, na karatasi nitie sahihi kwamba nimesamehe kwa moyo mmoja wala sina dai. Nisipotia, shemeji anasema atamfungulia mwanangu kesi ya kujeruhi, kwa kuwa ana alama ubavuni. Mwanangu tangu siku ile analala kwa rafiki yake Makorora. Mume wangu kwa simu anasema nisubiri arudi.

Nauliza, mama. Kuvunjwa mkono ndiko kawaida? Lile panga lisilonigusa ni kosa? Na mwanangu ana hatia?

Mama Mbaazi, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kukanda unga ni kazi ya mikono miwili, kwa hiyo najua kilichovunjika si mfupa peke yake.

Karatasi ile usiitie sahihi. Sikukatazi kusamehe, hilo ni la moyo wako na Mola wako. Nakukataza kutia sahihi jambo ambalo hujaelezwa ni nini.

Nilikaa miaka mingi kwenye meza ya karani wa mahakama ya mwanzo, na nimeona watu wengi wakipotezwa na neno hilo "kawaida". Mtu anasikia shambulio la kawaida, anadhani serikali inasema kupigwa ni kawaida. Sivyo. Maana yake ni shambulio tupu, ambalo halina kitu kingine juu yake cha kulipandisha daraja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaliweka kifungu cha 240 (namba ninazokutajia ni za toleo la 2022), na kifungu chenyewe kinasema adhabu yake, kifungo cha mwaka mmoja, ni pale ambapo shambulio halikufanyika katika mazingira yaliyowekewa adhabu kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu haanzi kwa kuandika 240. Anatazama kwanza kama kuna kikubwa zaidi, na akikikosa ndipo anaposhuka hapo. Kwako naona walianzia chini, wakabaki chini.

Sasa panda nami. Juu ya 240 kuna 241, shambulio la kudhuru mwili, kifungo hadi miaka mitano. Tofauti yake na la chini ni neno moja, madhara. Sheria inayaeleza madhara kuwa ni maumivu yoyote ya mwili, ugonjwa au hitilafu, ya kudumu au ya kupita. Angalia hapo: "au ya kupita". Wengi hudhani mpaka mtu alazwe. Kile kibao kilichokuvimbisha shavu siku mbili, ukakosa biashara, kilikuwa na madhara. Angekusukuma bega ukabaki mzima, hilo lingekuwa 240. Uvimbe ndio unaolipandisha. Lakini shavu limekwisha rudi, hukwenda hospitali, na hapo ndipo penye ugumu wako. Aliyeliona shavu siku ile, kama ni fundi cherehani au ni mteja wako wa mbaazi, andika jina lake leo.

Halafu kuna kifungu cha 225, kusababisha madhara makubwa, kifungo hadi miaka saba. Sheria imeeleza kwa urefu madhara makubwa ni yapi: yanayolemaza, yanayohatarisha maisha, yanayoharibu afya vibaya au moja kwa moja, yanayoacha ulemavu wa sura, au jeraha la kudumu au zito kwenye kiungo chochote cha nje au cha ndani, au kwenye fahamu kama kuona na kusikia. Soma tena lile "la kudumu au zito". Halisemi mpaka yote mawili yakutane. Kifundo cha mkono kilichovunjika sehemu mbili, na vidole vinavyokufa ganzi, kinabisha hodi kwenye mlango huu kwa nguvu zote. Sitakuapia kwamba hakimu atasema ndiyo, kwa kuwa anayeamua ni yeye akishamsikia daktari. Ila kukiita cha kawaida, hapana. Hata anayetaka kumwonea huruma shemeji yako hawezi kushuka chini ya 241.

Ngazi ya juu kabisa haitazami mkono wako, inatazama moyo wake. Kifungu cha 222 kinamhusu aliyekusudia kulemaza, kuharibu sura au kuleta madhara makubwa, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Jeraha linaweza kuwa lile lile la 225, tofauti ikawa nia. Nia haionekani, inasomwa katika vitendo: alichoshika, alipolenga, aliposita au alipoendelea. Mchi ulishushwa kuelekea kichwani, wewe ukaukinga kwa mkono. Kisha ukainuliwa mara ya pili. Katika maelezo yako polisi, je, hayo mawili yameandikwa? Kama yameandikwa tu "alinipiga na mchi mkononi", basi mahakama itakayoyasoma itaona mtu aliyelenga mkono. Una haki ya kurudi na kuomba maelezo ya nyongeza yaandikwe. Sema ulivyoona, usiongeze wala usipunguze.

Na hapa niseme kidogo juu ya neno jeraha, kwa kuwa shemeji yako analitumia kukutisha. Mitaani jeraha ni kuumia kokote. Katika Kanuni ya Adhabu jeraha ni mkato au tobo lililopasua ngozi ya nje. Alama ya kuvilia damu ubavuni, ngozi ikiwa nzima, ni madhara, si jeraha kwa maana hiyo. Kwa hiyo kesi anayoitaja huenda hata jina lake amelikosea.

Twende kwenye panga, kwa kuwa umeuliza vizuri na watu wengi wanalikosea. Kanuni yetu haikueleza shambulio ni nini. Imetoa adhabu bila kutoa maana, na mahakama zetu zimeegemea kanuni za Kiingereza tulizorithi: shambulio ni tendo la makusudi linalomfanya mtu aogope kwamba nguvu isiyo halali itatumika juu yake sasa hivi. Kuguswa si sharti. Panga lililochomolewa, likainuliwa, na hatua mbili tatu kukujia, ni shambulio hata kama lilikata hewa tu.

Ile siku ya kwanza ni habari nyingine. Kuna kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1669, Tuberville na Savage, ambayo kila anayesoma sheria hufundishwa. Mtu aliweka mkono kwenye upanga wake akasema kwamba isingekuwa majaji wamo mjini, asingevumilia maneno yale. Mahakama ikasema hilo si shambulio, kwa sababu maneno yake yenyewe yametangaza kwamba hatapiga: majaji wamo mjini. Nilipofika kwenye "kama si heshima ya kaka yangu, leo ningekukata", moyo ulinishtuka kwa jinsi yanavyofanana. Kwa kanuni hiyo, siku ile ya mlangoni peke yake ni vigumu kuiita shambulio. Lakini haina maana kwamba sheria imefumba macho. Kifungu cha 89 kinamshika anayetishia kumdhuru, kumpiga au kumuua mwenzake kwa nia ya kumtia hofu. Hilo ni kosa lake lenyewe, tofauti na shambulio. Na siku zile mbili za panga, hata zisiposhtakiwa, zitamsaidia hakimu kuelewa mchi ulitoka wapi. Zitaje zote.

Mwanao. Hapa nitakuwa mkweli kwako kama ulivyokuwa mkweli kwangu. Kifungu cha 18 na vinavyokifuata vinampa mtu haki ya kujitetea na ya kumtetea mwingine, kwa nguvu ya kadiri inayohitajika. Mtoto aliyemwona mama yake anashushiwa mchi wa pili akamsukuma mpigaji, amefanya kile ambacho sheria inakiruhusu. Heshima ya baba mdogo haiondoi haki hiyo. Teke ni jingine. Mtu yuko chini, mchi umemtoka, hatari imepungua. Mwendesha mashtaka anaweza kusema utetezi ulikwisha pale alipoanguka na teke lilikuwa hasira. Wakili wa mwanao atajibu kwamba jambo zima lilikuwa sekunde chache, kijana hakujua kama yule atainuka na kuushika mchi tena, na mtu aliye katikati ya hatari hapimi nguvu kwa mizani ya sonara. Hoja zote mbili zina uzito. Ninachokuomba, msilifiche teke. Majirani wameliona. Mkilificha na likatoka kwa mdomo wa mwingine, hata ule msukumo wa halali utatiliwa shaka.

Wala usikubali kubadilishana, mkono wako kwa teke la mwanao. Ni mambo mawili. Shemeji akitaka kulalamika, mlango wa polisi uko wazi kwake kama ulivyokuwa wazi kwako, na mwanao atajieleza. Vitisho vya kumfungulia kijana kesi ili mama anyamaze havina nguvu ya kufuta PF3 yako.

Sasa wazee. Siwadharau, wamesuluhisha mengi mji huu kabla mahakama hazijajengwa. Na sheria yenyewe inawapa nafasi: katika shambulio la kawaida, na makosa mengine ya binafsi yasiyo makubwa wala hayakuzidishwa ubaya, mahakama inaweza kuhimiza wahusika wapatane, kwa fidia au kwa masharti mengine, kesi ikaisha. Umeona basi kwa nini ile "kawaida" ina kazi? Kosa likikaa kwenye 240, mlango wa suluhu uko wazi na elfu 50 inaweza kuonekana fidia. Likipanda kwenda 225, mlango unafungwa. Mahakama ya Mwanzo pia haiwezi kumfunga mtu zaidi ya miezi 12 kwa makosa ya namna hii, na kesi za 225 nilizowahi kuziona zilisikilizwa Mahakama ya Wilaya. Neno lile moja linachagua ukumbi, linachagua adhabu, na linachagua kama ukoo una la kusema. Sisemi aliyeliandika alikuwa na nia mbaya. Pengine aliliandika asubuhi ile ile kabla picha haijatoka. Lakini lirekebishwe.

Na linarekebishika. Hati ya mashtaka inaweza kubadilishwa hata kesi ikiwa inaendelea, mahakama ikiona inafaa. Kabla haijafika huko ni rahisi zaidi. Mwombe mpelelezi wako aione picha ya mfupa. Daktari hogo likitoka aandike hali ya vidole, si mfupa tu, kwa sababu neno "kudumu" linategemea hapo. Ukiona husikilizwi, mwone mkuu wa upelelezi wa wilaya, au nenda ofisi ya mashtaka. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi pia linapokea mambo ya ukatili wa nyumbani, na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria ambao hawalipwi na mteja. Tafuta mmoja akusindikize, kwa kuwa kusimama peke yako mbele ya meza kunachosha. PF3 haiuzwi, akikuomba mtu hela usitoe. Toa nakala yake, na ya cheti, na ya picha, uziweke nje ya nyumba ile.

PF3 yenyewe nayo si msahafu. Ni taarifa ya daktari, na mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aitwe aulizwe maswali. Asipoelezwa haki hiyo, karatasi inaweza kuondolewa katika ushahidi, nimeshuhudia. Ndiyo maana majirani walioingia uani ni wa thamani kama karatasi.

Wanaokwambia ni mambo ya nyumbani, waulize kwa adabu wameisoma wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata mila ikisema vinginevyo. Kama mume mwenyewe hana haki hiyo, ndugu wa mume ameitoa wapi? Jambo hili linaniuma, mwanangu. Nimeandika majina ya wanawake wengi kwenye daftari la mahakama, na wengi walifika mara ya tatu au ya nne, wamekwisha tia sahihi karatasi za msamaha mbili.

Ukitaka kusamehe, samehe mbele ya mahakama, kosa likiwa limeitwa kwa jina lake, na fidia ihesabiwe kwa wiki sita ulizokosa baraza, nauli na dawa. Mahakama ikimtia hatiani inaweza kuamuru alipe. Zaidi ya hapo unaweza kufungua madai ya fidia, na muda wake ni miaka mitatu tangu siku ya tukio. Na ujue kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi wake. Karatasi ya ukoo haimfungi mwendesha mashtaka mikono. Inamwondolea shahidi tu.

Kwa dada zangu wa Pemba na Unguja mtakaosoma haya: huko kuna Sheria ya Adhabu yenu ya mwaka 2018, vifungu hivi msivichukue kama vilivyo.

Mume wako mwambie hivi: kusubiri arudi kutoka Lubumbashi ni sawa kwa mambo ya kodi na nyumba, si sawa kwa ushahidi. Alama zinapona, majirani wanahama. Kodi ya mwezi huu mavyaa mwenyewe amwambie fundi ampe mkononi, mbele ya mjumbe, wewe usiishike. Usiku lala chumbani kwake, mlango ufungwe kwa ndani, na shemeji akionekana tena na panga piga simu polisi hapo hapo, usisubiri hatua ya pili.

Mwanao arudi kutoka Makorora. Kijana anayelala kwa rafiki anaonekana anakimbia, na hana alilokimbia. Aende kituoni na mtu mzima anayeheshimika, aseme alichoona na alichofanya, msukumo na teke, maelezo yake yaandikwe, asomewe kabla ya kutia sahihi. Kesho ni siku nzuri.